Lori la Eliamani Lilipanda Kimya

Mmeniuliza wote, tangu dada wa chapati pale kona hadi wenzangu wa mstari wa vyombo vya plastiki: "Mama Neema, Krismasi ilikuwaje? Lori lilifika?" Nikawajibu lilifika, kisha nikageuka kupanga mabeseni ambayo yalikuwa yamepangika tayari. Sasa naandika mara moja tu, msome wote, halafu mniache niuze ndoo zangu kwa amani.

Lori lilifika. Lilipanda mlima wote bila kukohoa hata mara moja. Ningekuwa na uwezo, ningelirudisha chini Himo likapande upya kwa taabu.

Kwa ambao hamkumkuta mume wangu: Eliamani alikuwa mtu wa Marangu, mfanyabiashara wa ndizi, na dereva wa lori lake mwenyewe. Lori la petroli, la zamani, jekundu lililopauka, lina mikunjo kila mahali kama uso wa mtu aliyecheka sana maishani. Alipakia ndizi huko juu akazileta Kariakoo, akarudi na sukari na mabati. Alipofariki, lori likaegeshwa uani nyuma ya duka, paka wa jirani wakalifanya wodi ya wazazi.

Mama mkwe wangu yuko kijijini bado. Macho yake yalipofuka miaka mingi iliyopita, lakini masikio na ulimi, mashallah kama anavyosema jirani yangu. Novemba alinipigia simu.

"Mama Neema, mkija Krismasi, njooni na lori la Eliamani."

"Tukupakilie nini, mama?"

"Lori."

"Ndiyo, lakini ndani yake tuweke nini?"

"Mimi nimesema lori," akajibu, na akakata.

Nikadhani nimemwelewa. Maneno yalikuwa yamenifikia kwamba huko kijijini wanasema mjane ameuza lori la marehemu na pesa amekula na Dar yake. Nikajua mama anataka lipite mbele ya nyumba zao wote, walione, wafunge midomo. Nikamwahidi. Na nyie mnatujua sisi Wachaga na Desemba. Mtu mwaka mzima anashindia dagaa, lakini siku ya kwenda nyumbani lazima gari ling'ae mpaka mbuzi ajitazame kwenye mlango. Nikaapa kwamba lori la Eliamani litapanda na heshima zake. Nikawaita wanyoosha bodi, wakagonga mikunjo yote ikanyooka, wakapaka rangi mpya. Likabaki tatizo la injini.

Gerezani: kukohoa au kunyamaza

Injini ile ilikuwa na kabureta, na kabureta ilikuwa na ugonjwa. Barabara ya tambarare haikuwa na neno. Lakini ukianza kupanda Marangu, kwenye kona ya kanisa, lilikuwa linakohoa mara mbili, linanyamaza kama limekata roho, halafu linapasua mlio mmoja mkubwa na kuendelea. Kila safari, pale pale. Ndege walikuwa wanaruka kwenye miti. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa nisionekane na watu wanaotoka ibadani.

Mdogo wangu Estomihi, ambaye ndiye angeendesha, alikuwa na jibu lake tayari.

"Dada, tutoe hiyo kabureta tufunge injekta. Kuna mfumo mzima umeng'olewa kwenye injini ya aina hii hii, upo Gerezani, kwenye maduka ya spea. Mafuta yanapimwa na kompyuta. Linapanda kama lifti."

Tukaenda kwa Bwana Nassoro. Yeye ni wa wale Waarabu wa Kariakoo ambao babu yao alifungua duka hapa kabla ya lami, anauza spea, na alikuwa rafiki wa Eliamani wa kugombana naye kila wiki. Mimi ananiita shemeji. Alituagizia kahawa na kashata kwanza, kwa sababu kwake huwezi kusema shida yako mdomo ukiwa mkavu.

"Shemeji," alisema, "nikwambie kama mfanyabiashara au kama mtu?"

"Kama mtu. Kama mfanyabiashara nakujua."

Akacheka. "Haya. Injekta ni nzuri. Inabana mafuta, asubuhi ya baridi haikusumbui, mlimani inapumua. Lakini inataka petroli safi, inataka pampu yenye nguvu, na ina kile kiboksi cha kompyuta kinachoogopa maji kama paka. Kabureta inakunywa kama mlevi, lakini fundi yeyote wa njiani mwenye bisibisi na kipande cha waya anaitibu. Tena sikiliza. Kabureta ikiumwa inakohoa, unajua inaumwa. Injekta ikiumwa inanyamaza."

"Mimi hicho kikohozi ndicho kimenichosha," nikamwambia.

"Najua. Lakini kabureta ile marehemu alinikataza nisiiguse. Nilitaka kuitibu mara ngapi! Ni kitundu kimoja tu cha mafuta kimeziba nusu, kazi ya kumaliza kikombe cha kahawa. Akanikatalia. Aliniambia mama yake..."

"Mama yake ndiye analitaka lori," nikamkata, "ndiyo maana nina haraka. Eliamani alikuwa mbishi, Mungu amrehemu, hata jino bovu alikataa kung'oa. Bwana Nassoro, fungeni injekta."

Alinitazama kidogo, akasukuma sahani ya kashata upande wangu. "Wewe ndiye mwenye mali, shemeji."

Mnajua nilivyo. Mtu akizungumza polepole mimi humalizia sentensi yake, na mara nyingi napatia. Siku ile nilikuwa na wateja wananisubiri dukani na roho yangu ilikuwa tayari kijijini, napita mbele ya majirani. Kabureta ikafunguliwa ikawekwa kwenye beseni la chuma, nyeusi, imelowa. Nassoro alisema ataitunza. Sikugeuka hata kuitazama.

Jangwani

Tuliondoka alfajiri, mvua inanyesha. Lori liliwaka mara moja tu, kimya, laini. Estomihi alinitazama kama mtu aliyeoa juzi. Nyuma tulipakia mchele, mafuta ya kula, mabeseni ya kugawa kwa mashangazi, na jenereta dogo la kanisa.

Jangwani hatukufika mbali. Maji yalikuwa yameshapita juu ya barabara, rangi ya chai ya maziwa, na magari yamejipanga pande zote mbili yakitazamana. Vijana wa kusukuma magari walikuwa kazini, wamekunja suruali.

"Mambo, bosi!" mmoja akamwambia Estomihi. "Usipite saa hizi. Subiri yashuke."

"Poa. Hili ni lori, mwana, si kile kibajaji chako. Limevuka Jangwani hii tangu hujazaliwa."

Na ni kweli lilikuwa limevuka. Zamani likizimwa na maji, Eliamani alikuwa anafungua boneti, ananiomba khanga yangu, anafuta nyaya, anawasha tunaondoka, na mimi nabaki na khanga inayonuka petroli mpaka Same. Kwa hiyo hata mimi sikumzuia Estomihi. Tuliingia. Katikati ya maji injini ikazima. Haikukohoa wala kutetemeka, ilizima kama taa inavyozima umeme ukikatika. Nikavua khanga kwa mazoea, Estomihi akafungua boneti, akafuta kila alichokiona. Kumbe kiboksi cha kompyuta walikuwa wamekifunga chini, karibu na miguu ya dereva, na pale chini miguu yetu ilikuwa inaogelea.

"Nilikwambiaje, bosi?" yule kijana akasema, si kwa ubaya. "Mama, kaa hapo hapo, usishuke. Tunawatoa."

Walitusukuma kurudi tulikotoka, wakiimba wimbo wa timu yao, na kila waliposukuma waliniuliza mimi ni shabiki wa nani. Niliwajibu timu wanayoitaka. Mtu aliyekwama majini hana timu.

Kwa miguu mpaka Feri

Fundi aliyefunga injekta alikuja, akakinusa kile kiboksi, akatikisa kichwa. Cha kubadilisha hakikupatikana Gerezani nzima, kila duka linasema kesho. Nassoro alipiga simu huku na huku, akaniambia kuna mzee pale soko la samaki la Feri, Mzee Shomari, anayebeba barafu na samaki, ana injini ya aina hiyo imekufa lakini kompyuta yake ni nzima. Nikaamua kwenda mwenyewe, kwa sababu Estomihi alikuwa anaona aibu hata kuzungumza. Magari yalikuwa yamesimama mji mzima kwa mvua, nikatembea.

Mnazi Mmoja nilikuta mahema na viti, mkutano wa akina mama wa mikoani. Nikasema nipumzike kidogo kwenye kiti cha nyuma. Viti vyenyewe nilivijua, vilikuwa vya dukani kwangu. Mara dada mmoja mwenye kipaza sauti akanifikia.

"Na mgeni wetu wa nyuma, karibu ujitambulishe! Umetoka mkoa gani?"

"Kilimanjaro," nikajibu, maana ndiyo kweli.

Vigelegele! Kumbe walikuwa wanamsubiri mjumbe wa Kilimanjaro aliyekwama kwenye mafuriko. Wakanipa pilau, soda, na nafasi ya kuzungumza. Nilisimama nikawaambia mimi nimeketi tu kwa ajili ya miguu, lakini wameshapiga makofi. Nikala pilau yao. Mjumbe halisi kama unasoma, unisamehe.

Feri nilimkuta Mzee Shomari anasimamia upakiaji wa samaki, kofia kichwani, mikono nyuma.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimeshakula, mzee. Nimekuja kwa shida ya lori."

"Shida ya lori haikimbii. Kaa."

Akaniwekea changu wa kukaanga, wa moto, na ndimu na pilipili. Nikala tena, na samaki yule ndiye kitu pekee cha safari yote ambacho sina majuto nacho. Akaniuliza ninakokwenda, na kama tunawahi mazishi. Nikamwambia hapana, mama mkwe ameomba lori la mwanawe lifike Krismasi.

"Ameliomba lori lenyewe?"

"Lenyewe."

Alifikiri. "Basi chukua kile kiboksi. Sikuuzii. Mimi injini yangu ninaifufua mwezi ujao. Nenda ukamfurahishe mzee wako, ukirudi unirudishie."

Hivyo ndivyo lori la Eliamani lilivyoondoka Dar likiwa na ubongo wa kuazima.

Chalinze mpaka Mombo

Maji yaliposhuka tukavuka Jangwani, safari hii kiboksi kimefungwa juu, kimevishwa mfuko wa plastiki. Kuanzia Chalinze nilianza kujisifu. Lori lilikuwa linaenda, jamani. Tunaongea ndani bila kupiga kelele. Mimi na Eliamani katika lori hilo tulikuwa tunazungumza kwa mikono kama viziwi, na ugomvi mwingi wa ndoa yetu uliishia njiani kwa sababu hakuna aliyemsikia mwenzake. Sasa Estomihi alinong'ona tu na nikasikia. Kwenye milima midogo ya kabla ya Korogwe tuliyapita malori mapya. Segera tulinunua machungwa, nikawarushia maganda waliotupungia mkono, kwa furaha.

Petroli ilikuwa inaisha, na Estomihi akajaza kwenye kituo kimoja kidogo cha njiani, cha pampu moja, ambacho jina lake sikulishika na hata ningelishika nisingelisema. Karibu na Mombo injini ikanyamaza.

Fundi wa Mombo alikuwa mzee mwenye ovaroli iliyokuwa bluu zamani. Alifungua boneti kwa furaha, halafu furaha ikamtoka.

"Ah. Mmetoa kabureta."

"Tumefunga injekta," Estomihi akasema.

"Naona. Haya si mafuta, ni tope. Ingekuwa kabureta ningeifungua, nikaipuliza kwa mdomo, mkala chakula cha mchana Same. Hii pampu na chujio lake mpaka mtu akanunue Tanga. Na kesho ni mkesha wa sikukuu."

Tukakaa Mombo. Tulikula wali maharage kwa mama mmoja mwenye banda kando ya barabara, ambaye alituonea huruma mpaka akawa anatuongezea mchicha bila kuombwa. Mkesha wa Krismasi nilisikia kwaya ikifanya mazoezi mahali fulani nikiwa nimekaa kwenye gunia la mchele wangu mwenyewe. Basi baada ya basi lilipita limejaa watu wetu, nawatambua kwa mizigo tu. Huko nyumbani mbuzi alikuwa anachinjwa, mtori wa ndizi unapikwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeahidi.

Mama alipiga simu.

"Mmefika wapi?"

"Mombo, mama. Tunatengeneza kidogo tu."

"Limeharibika?"

"Linatibiwa. Kesho tutafika, Mungu akipenda."

"Basi kesho nitakaa nje."

"Usikae nje, mama. Kuna baridi. Tutabisha hodi."

"Nitakaa nje," akarudia, na nikamsikia anamwambia mtu mwingine, kwa sauti ya furaha, kwamba wameshafika Mombo.

Sikujiuliza mtu asiyeona anakaa nje afanye nini.

Kona ya kanisa

Pampu ilifika kwa basi siku ya Krismasi asubuhi. Same tulipita bila kusimama, Mwanga hivyo hivyo. Himo tukakunja kulia kuanza kupanda, jua limeshaegemea upande wa magharibi. Nilijifuta uso, nikafunga kitambaa kipya kichwani, nikamwambia Estomihi aende taratibu ili watu wapate nafasi ya kuona.

Na walituona. Wale waliosema nimeuza lori walikuwa barabarani na nguo zao za sikukuu, mmoja akashika mdomo, mwingine akapunga mkono. Kona ya kanisa tukaikata. Nilijiandaa, mwili wenyewe ulijikunja kusubiri vile vikohozi viwili na ule mlio. Hakuna. Lori lilipita pale kama mtu anayepita mbele ya wanaomdai. Estomihi akanigonga bega. "Umeona, dada? Lifti!" Tukacheka wote wawili. Mnisamehe, lakini nilicheka kweli.

Mama alikuwa nje. Amekaa kwenye kigoda pembeni ya lango, amevaa sweta mbili na khanga, mikono juu ya fimbo, kichwa amekiinamisha upande mmoja kuelekea barabara ya chini. Lango lilikuwa wazi. Estomihi akasimamisha lori karibu kabisa naye, akazima.

Alinyanyua uso akatabasamu, lile tabasamu la kumpokea mtu asiyemjua.

"Karibuni. Heri ya Krismasi. Mmetoka chini?"

Nilikuwa ndiyo kwanza nashuka, mguu mmoja hewani.

"Hamjapishana na lori la mwanangu huko njiani?" akauliza. "Jekundu. Wakwe zangu wanalileta. Mtu mwenye lori lile hamwezi kukosa kumsikia."

Nilimtazama Estomihi. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na mdomo wake ukafunguka kabla ya wangu.

"Liko nyuma, mama," akasema kwa sauti nyembamba isiyo yake. "Linakuja."

"Ahsante, baba," akajibu. Akageuza tena kichwa kuelekea kona ya kanisa.

Nilishuka, nikamwamkia. Aliitambua sauti yangu, akafurahi, akanishika mikono yote miwili, akaniuliza kwa nini nimetangulia na gari la watu. Nilisema nini, hata sikumbuki vizuri. Nilisema kitu. Shemeji zangu walitoka ndani, watoto wakalizunguka lori wakishangaa rangi, na hapo ndipo wifi yangu aliponivuta pembeni ya migomba.

"Amekaa hapo tangu asubuhi," akaniambia. "Hakuenda hata kanisani. Kila siku Eliamani alipokuwa anakuja, mama alikuwa akilisikia likikohoa pale konani, anasema 'mwanangu huyo', anainuka kubandika mtori. Alikuwa anafika mtori una moto. Hata sisi wenye macho tulikuwa hatujajua kama anakuja."

Miaka yote nimekula mtori ule ukiwa wa moto. Nilidhani ni bahati.

Asubuhi yake nilijikaza. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye lori, nikamwambia ukweli wote: mama, lori ni hili, ni la Eliamani, tumebadilisha tu kitu kwenye injini, ndiyo maana halikohoi. Nikaweka kiganja chake juu ya boneti. Alipapasa. Alipapasa polepole mpaka kwenye pembe ya kulia, akarudi, akapapasa tena.

"Hapa kwenye lake pana bonde," akasema. "Aligonga nguzo ya lango hili hili siku alipolileta mara ya kwanza. Nilimchapa kwa maneno. Huwa naweka mkono humo akifika."

"Tulilinyoosha, mama. Tulipaka rangi."

Alitoa mkono akaupangusa kwenye khanga. "Mmenunua zuri," akaniambia kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto aliyevunja kikombe. "Lakini usinidanganye, Mama Neema. Kama lake mmeliuza, niambie tu."

Nilimwapia kwa Mungu na kwa kaburi la mwanawe lililokuwa pale pale chini ya migomba. Akaitikia ndiyo, ndiyo. Kisha akaomba apelekwe kwenye kigoda chake, kwa sababu yule dereva jana alisema liko nyuma.

Siku zote tulizokaa alikaa langoni. Alipewa kipande chake cha mbuzi akala huko huko. Gari lolote likikunja kona ya kanisa aliacha kutafuna. Estomihi hakuweza tena kupita pale, alikuwa anazungukia shambani. Siku ya kuondoka nilimuaga, akanibariki, akanitemea mate kidogo kifuani kama wazee wanavyofanya.

"Mkilikuta njiani," akasema, "mwambieni anayeendesha asione aibu kukohoa. Mwambieni nipo."

Kurudi Kariakoo

Njia ya kurudi haina habari. Lori lilikwenda vizuri, na mimi na Estomihi, ambao sasa tungeweza kusikilizana, hatukuzungumza. Mombo tulimpelekea yule mama wa banda ndizi. Feri nilimrudishia Mzee Shomari kiboksi chake na mkungu mkubwa, akaniuliza kama mzee wangu alifurahi. Nikamwambia samaki wake alikuwa mtamu sana.

Kisha nikaenda Gerezani. Nassoro aliniona uso, akaagiza kahawa bila kuuliza.

"Malizia ile sentensi," nikamwambia. "Siku ile ulisema mama yake. Mama yake nini?"

Alizungusha kikombe. "Aliniambia mama yake hana macho, na kikohozi cha lori ndiyo hodi yake. Akasema, 'Nassoro, ukikitibu utanifanya niingie kwetu kama mgeni.' Nilikuwa nataka kukwambia."

"Ulikuwa unataka kuniambia."

"Wewe ulikuwa na haraka, shemeji. Na mimi ningepiga kelele. Sikupiga."

Nikamwambia arudishe kabureta. Injekta atoe, auze, afanye atakavyo, Pasaka nipande na lori likohoe mpaka majani yapukutike. Uso wake ukabadilika. Alikwenda nyuma akarudi na kitambaa cheupe, akakifungua juu ya meza. Kabureta ya Eliamani ilikuwa inang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

"Nilikuwa na nafasi wakati wa sikukuu," akasema. "Nikasema nikutunzie vizuri, kwa ajili ya marehemu. Niliifungua yote nikaiosha. Kile kitundu nacho..." Hakumalizia, na safari hii nilimwacha asimalizie.

"Si ukizibe tena?"

"Kuziba naweza hata sasa hivi. Litakohoa. Lakini mara ngapi, na kwenye kona gani, hilo siwezi kukuahidi. Uchafu ule ulijipanga wenyewe miaka yote. Mimi sijui ulikaaje."

Kabureta iko dukani kwangu sasa, kwenye rafu ya juu, ndani ya beseni la bluu. Mnaoniuliza bei yake, haiuzwi. Lori liko uani bila ubongo, na paka wamesharudi. Nassoro anajaribu na vipande vya waya, kila Ijumaa baada ya sala ananiita nikasikilize kabureta nyingine aliyoiharibu kwa makusudi na kuifunga kwenye injini kuukuu, nami nasimama pale nimefumba macho. Bado si yenyewe.

Jumapili mama hupiga simu. Haniulizi tena kama niliuza. Ananiuliza tu kama lori limepona.

"Bado, mama," namjibu. "Linatibiwa."

"Waambie mafundi wasilitibu sana," anasema.